Je, Ni Ugonjwa au Ni Uzembe?

Ndugu msomaji,

Mwezi huu siandiki habari za mahindi wala mbolea. Naandika habari za mtoto. Mimi ni bwana shamba, si mganga. Lakini jambo hili lilitupata nyumbani kwetu, na linaweza kumpata mtu yeyote.

Mdogo wangu alikuwa na mtoto wa wiki 5. Siku moja mtoto alipata homa, akakataa kunyonya. Shemeji yangu alimbeba, akafika hospitali saa 2 asubuhi. Aliambiwa akae kwenye foleni. Alikaa mpaka saa 8 mchana. Hakuna aliyempima mtoto joto. Hakuna aliyemvua nguo na kumtazama. Alipewa dawa ya maji ya homa, akaambiwa arudi nyumbani.

Usiku mtoto alishikwa na degedege. Tulimrudisha mbio. Mganga wa zamu alimpokea mara moja. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto alitibiwa akapona. Lakini leo hasikii.

Nyumbani kulikuwa na maneno mengi. Mdogo wangu alitaka kwenda kumpiga muuguzi. Mama yetu alisema, ni kazi ya Mungu, nyamazeni. Jirani alisema tumerogwa. Mimi nilisema, tukae kwanza, tuchukue daftari, tuandike yaliyotokea.

MASWALI 3

Mtoto kufa au kupata kilema hakutoshi kuonyesha uzembe. Magonjwa mengine hushinda dawa. Hata shambani ni hivyo. Nikikushauri vizuri na mvua ikakosa, mahindi yatakauka. Hilo si kosa langu. Lakini nikikuambia utie dawa mara mbili ya kipimo, na mahindi yakaungua, hilo ni kosa langu. Basi jiulize maswali haya.

Swali la 1: Je, mhudumu aliacha kufanya ambayo mhudumu mwangalifu angefanya? Usimlinganishe muuguzi wa zahanati na daktari bingwa wa mjini. Mlinganishe na mwenzake wa kazi ile ile. Mtoto wa chini ya miezi 2 akikataa kunyonya, hiyo ni dalili ya hatari. Homa, degedege, au kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika ni dalili za hatari pia. Mtoto wa namna hiyo hasubiri foleni. Kwa hiyo kwetu palikuwa na kosa.

Swali la 2: Je, mtoto alidhurika? Ndiyo. Hasikii.

Swali la 3: Je, madhara yaliletwa na kosa hilo? Hapa ndipo penye ugumu. Daktari mwingine alitueleza kuwa kuchelewa huongeza hatari. Lakini ugonjwa huu huweza kuharibu masikio hata mtoto akiwahi kutibiwa. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba mtoto wetu angesikia. Mdogo wangu alilia.

Ukitaka fidia mahakamani, maswali yote 3 yapate jibu la ndiyo. Lakini kulalamika hakuhitaji yote. Kosa la kazi ni kosa hata kama mtoto amepona. Tena, dawa zikikosekana stoo, usimlaumu muuguzi aliye mbele yako. Uliza kwa nini hazikuletwa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tunza kadi ya kliniki, karatasi za vipimo na chupa ya dawa.

2. Andika siku hiyo hiyo: mlifika saa ngapi, mlionwa saa ngapi, nani alisema nini.

3. Nenda kwa mganga mfawidhi. Mwombe akueleze. Usiende na fimbo.

4. Usiporidhika, mwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya. Baki na nakala ya barua. Tena liko Baraza la Madaktari Tanganyika, na liko Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya hupokea malalamiko juu ya watu wa kazi hizo.

5. Ukitaka fidia, usichelewe. Kesi ya uzembe hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita. Kama hospitali ni ya serikali, hutolewa kwanza notisi ya siku 90. Mtafute msaidizi wa kisheria wilayani kwako.

Sisi tulikwenda kwa mganga mfawidhi na barua yetu. Alifungua kitabu cha wagonjwa. Palikuwa na jina la mtoto na jina la dawa. Hapakuwa na joto wala uzito. Wala saa haikuandikwa. Muuguzi alisema mtoto hakukaa sana.

Ndipo shemeji yangu alipotoa kadi ya kliniki. Alikuwa amemaliza darasa la kisomo mwaka uliotangulia. Alipokuwa kwenye foleni aliazima kalamu, akaandika nyuma ya kadi: saa 2. Alipoitwa, akaandika: saa 8. Muuguzi alinyamaza. Mganga mfawidhi alituomba radhi.

Fidia hatukudai, kwa sababu ya lile swali la 3. Lakini siku hizi muuguzi mmoja hupita kwenye foleni kila asubuhi. Watoto wachanga huonwa kwanza.

Ndugu msomaji, ukienda hospitali na mtoto, chukua kanga, chukua maji, na chukua kalamu.

Wako,
Bwana Shamba

Zungumzeni darasani: Kwenye zahanati yenu, mtoto mchanga anayekataa kunyonya huonwa kwanza, au husubiri foleni? Nani atakwenda kuuliza?