Hamsini yenye Duara na Hamsini Isiyo na Duara

Kwenye barabara kuu za Uingereza, dereva anaweza kuonyeshwa namba 50 kwa namna mbili. Ikiwa imezungukwa na duara jekundu, ni amri: ukiipita, kamera inakupiga picha na faini inakufuata nyumbani. Ikiwa 50 tupu, yenye taa za manjano zinazowaka na kuzimika kwa zamu, ni ushauri tu. Mbele kuna ajali, au ukungu, au mzigo umedondoka kutoka kwenye lori, na unaombwa upunguze mwendo. Kikomo cha kisheria kinabaki kile cha siku zote, maili 70 kwa saa. Na ni maili kweli: 50 hiyo ni kama kilometa 80, kwa hiyo aliyezoea 50 ya maeneo ya makazi ya Tanzania asije akajikokota akagongwa nyuma.

Namna hizo mbili zimetokana na vizazi tofauti vya mabango. Bango dogo la zamani, ambalo wahandisi wanaliita MS1, limesimama kwenye nguzo katikati, baina ya pande mbili za barabara. Linasema na leni zote kwa pamoja, na msamiati wake ni mfupi: namba ya mwendo, mchoro wa leni iliyofungwa, mwisho wa tahadhari. Baadaye yakaja mabango makubwa ya maneno, MS3, yenye mistari ya herufi za manjano. Kisha MS4, ambalo linachora picha kwa rangi nyekundu na manjano na kuandika maneno kando yake. Vipo pia visanduku vinavyoning'inia juu ya kila leni kwenye fremu ya chuma, na hivi vinabeba duara jekundu na alama ya X.

Huwezi kubishana na X nyekundu. Leni imefungwa, ondoka, kwa sababu huenda mbele yako kuna gari lililoharibika na watu wamo ndani. Tangu Juni 2019 polisi wanaweza kutumia picha za kamera kumwadhibu anayeipuuza, na adhabu ya kawaida ni pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Ishara moja yenye maana moja. Laiti mengine yote yangekuwa hivyo.

Hayakuwa hivyo. Mwaka 2006, kwenye barabara ya M42 karibu na Birmingham, ulianza mtindo wa kufungua bega la barabara liwe leni ya ziada wakati wa msongamano. Kisanduku cha juu ya bega kikionyesha namba ya mwendo, unaruhusiwa kupita. Kikionyesha X, hapana. Kikiwa giza tupu, pia hapana. Lakini kisanduku cha leni ya jirani kikiwa giza, maana yake endelea kama kawaida! Giza moja, maana mbili, umbali wa mita chache, na dereva yuko kwenye kasi ya kilometa 110 kwa saa. Mwaka 2020 serikali iliamua kuachana na mtindo huo, ikikiri kwamba unawachanganya madereva. Kwa maoni yangu ilichelewa, maana kasoro hiyo ilikuwa inaonekana hata kwenye karatasi.

Mabango ya maneno nayo yana maradhi yake. Bango likishakuwa na nafasi ya kuandika, ofisi zote zinataka kuandika: usinywe pombe, funga mkanda, pumzika ukichoka. Maneno mazuri, nani atayapinga? Jimbo la Texas nchini Marekani limetupa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Kuanzia mwaka 2012 mabango yake yalikuwa yakitangaza idadi ya watu waliokufa barabarani mwaka huo, ila kwa wiki moja tu kila mwezi. Kwa hiyo watafiti wawili, Jonathan Hall na Joshua Madsen, waliweza kulinganisha wiki hiyo na nyingine. Matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Science mwaka 2022: katika kilometa 10 baada ya bango, ajali ziliongezeka kwa takriban asilimia 4.5. Idadi ya vifo ilivyokuwa kubwa zaidi, ndivyo athari ilivyozidi. Maelezo yao ni kwamba habari nzito ya namna ile inaiteka akili ya dereva wakati anaihitaji barabarani. Desemba 2023 mwongozo wa shirikisho wa alama za barabarani nchini Marekani ukashauri pia kwamba utani na mafumbo yasiwekwe kwenye mabango hayo.

Wapo wanaouliza: bango la gharama kubwa namna ile likae giza mchana kutwa? Ndiyo, likae. Ninachokitetea kwenye MS4 ni picha. Pembetatu nyekundu yenye mchoro wa magari yaliyopangana inamfaa dereva wa lori kutoka Romania, na inamfaa mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam, ambaye sheria inamruhusu kuendesha gari dogo kwa leseni ya kwao hadi miezi 12 bila kufanya mtihani wa Uingereza. Hakuna anayemuuliza kama anaijua maana ya duara.

Lalamiko kubwa la madereva ni kwamba mabango yanadanganya: limeandikwa foleni, unapunguza mwendo, unafika hukuti foleni. Mara nyingine ni kweli, tatizo limeshaondoka na mfumo haujajua. Lakini tangu vikomo vya mwendo vinavyobadilika vianze kwenye barabara ya M25 mwaka 1995, lengo limekuwa kuwapunguza mwendo walio nyuma ili foleni ya mbele isikue. Vitambuzi vilivyofukiwa chini ya lami vinaona magari yanaanza kujikokota, na namba zinabadilika zenyewe. Kazi ikifanyika vizuri, hufiki kwenye foleni, na unaondoka umeudhika ukiamini umedanganywa. Hapo ndipo nafasi ya maneno ya MS4 ingetumika: mstari mmoja wa kumweleza dereva kwa nini anapunguziwa mwendo, badala ya kumkumbusha mkanda ambao ameshaufunga.