Foleni ya bia na mwenye kisukari

Kila mwaka mjini Santa Rosa, California, watu hupanga foleni kwa saa nyingi wakisubiri bia ya Pliny the Younger, inayouzwa kwa majuma machache tu. Uhaba huo ndio unaoivumisha, na picha za foleni hufika hadi kwenye simu za watoto wetu.

Foleni si kosa. Hata tiketi za mpira watu huzikesha. Mimi naangalia namba. Bia hiyo ina kilevi cha zaidi ya asilimia 10, ilhali bia nyingi za kawaida zina kama asilimia 5. Glasi moja ni mbili.

Mwenye kisukari anayetumia insulini akiinywa na njaa ya kusimama kutwa, ini hushughulikia kilevi na kupunguza kutoa sukari. Sukari ikishuka huyumba na kuongea ovyo. Wenzake hudhani amelewa, wakamwacha alale. Asiachwe! Akiweza kumeza, apewe kinywaji chenye sukari. Asipoamka, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Mzazi, kama kijana wako ana kisukari na anakwenda kusoma Marekani, yeye na rafiki zake wayajue haya mapema.