Seli Imekufaje? Aulizwe Shahidi

Hebu vitazame vidole vya mkono wako. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, vidole hivyo vilikuwa vimeunganishwa kwa ngozi, mithili ya mguu wa bata. Ngozi hiyo haikukatwa na mtu. Seli zake zilikufa zenyewe kwa mpango, nawe ukazaliwa na vidole vilivyoachana.

Sasa mfikirie mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto. Hapo pia seli hufa, lakini kwa ghafla. Hupasuka, yaliyomo ndani yakamwagika, na mahali pale pakavimba na kuuma.

Mwaka 1972, wanasayansi John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikieleza kile kifo cha mpango na kukipa jina la apoptosisi, neno la Kiyunani lenye maana ya kupukutika, kama majani yapukutikavyo mtini.

Je, jambo hili latuhusu nini sisi wenye kulea familia? Latuhusu kwa sababu seli za saratani aghalabu hukikwepa kifo hicho, na dawa nyingi za ugonjwa huo hukusudia kuzirudisha katika njia hiyo. Mtafiti wa dawa mpya hatosheki kuona kwamba seli zimekufa. Hata maji yanayochemka huua seli za saratani katika kisahani cha maabara! Yampasa aulize: zimekufaje?

Shahidi mmoja hukaa ndani ya kiini cha seli. Ni protini iitwayo PARP, ambayo husaidia kuitengeneza DNA iliyoharibika. Kifo cha mpango kinapoendelea, vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikata vipande viwili. Ikiwa nzima, uzito wake ni daltoni 116,000 hivi. Kile kipande kikubwa hubaki na 89,000 hivi.

Shahidi huyu haonekani kwa macho. Hutafutwa kwa kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huziunda ili kuwashika wageni wanaouingilia. Sungura akidungwa PARP ya binadamu, mwili wake huunda kingamwili za kuishika. Wataalamu huzivunja seli, huzipanga protini zake kwa ukubwa kwa nguvu ya umeme, kisha huziwekea kingamwili hizo. Alama ikijitokeza mahali pa kipande kilichokatwa, hiyo ni dalili ya kifo cha mpango.

Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliiunganisha seli iundayo kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaana. Wakapata kingamwili za aina moja tu, bila kikomo. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Hivyo adui mwenyewe alitiwa kazini.

Lakini shahidi naye huchunguzwa. Baadhi ya kingamwili hushika protini isiyohusika. Kwa hiyo mtafiti makini huzijaribu kwanza katika seli zilizoondolewa jeni ya PARP. Alama ikitokea hata huko, huyo ni shahidi wa uongo. Tena hamtegemei shahidi mmoja. Huwatafuta wengine, akalinganisha maneno yao.

Ndugu msomaji, nyumba yenye mgonjwa husikia kila habari ya dawa mpya kwa moyo unaodunda, na wengine huwa tayari kuuza hata cherehani. Kabla ya kuuza, uliza: dawa hii imeua seli katika kisahani tu, au imekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa? Ushahidi uko wapi, na ni nani aliyeuchunguza? Muulize daktari, wala usione haya. Na ukiona uvimbe usioeleweka mwilini mwako au mwa mwenzako, usingoje habari za maabara. Nenda hospitali mapema.