Mgonjwa wa Saratani Anahitaji Chanjo Yetu Pia

Colin Powell, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alifariki tarehe 18 Oktoba 2021 kwa UVIKO-19, ingawa alikuwa amekamilisha chanjo. Wapo waliosema, "Mnaona? Chanjo ni bure." Wakasahau kwamba alikuwa na mieloma, saratani ya seli zilezile zinazotengeneza kingamwili.

Ni kweli, chanjo haifanyi kazi sawasawa katika kila mwili. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2021 ulipima damu wiki tatu hivi baada ya dozi ya kwanza ya Pfizer. Kingamwili zilionekana kwa asilimia 94 ya watu wenye afya, asilimia 38 ya wenye saratani za viungo, kama vile titi au mapafu, na asilimia 18 tu ya wenye saratani za damu. Baada ya dozi ya pili, wagonjwa 18 kati ya 19 waliopimwa wa saratani za viungo walikuwa nazo. Wenye saratani za damu, hasa wanaotibiwa kwa rituximab, mara nyingi hubaki nyuma hata wakirudia dozi.

Basi mgonjwa achanjwe, apate dozi za nyongeza, na daktari wake ampangie wakati unaofaa. Lakini tusimwachie mzigo huo peke yake. Mafrateri, wahudumu wa Komunyo, WAWATA na wanajumuiya, sisi ndio tunaoingia chumbani mwake, tunamshika mkono na kuimba kando ya kitanda. Papa Fransisko, Agosti 2021, aliita kuchanjwa tendo la upendo. Chanjo yetu haizuii maambukizi yote, ila huyapunguza. Barakoa na dirisha lililo wazi huongezea.

Wengine watasema tahadhari hizi ni upungufu wa imani. Mimi naona kinyume. Yule aliyepooza kule Kapernaumu hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Alibebwa na watu wanne, na Yesu akaiona imani yao. Mgonjwa ambaye mwili wake hauwezi kujijengea kinga naye anahitaji wa kumbeba.

Kwa hiyo, ndugu frateri, ukiamka na mafua Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mwombe mwenzako apeleke Komunyo kwa wagonjwa badala yako. Wewe baki kanisani uwaombee.