Barua Zisizofika: Seva Ichunguzwe Kabla ya Kuguswa

Chombo kikiharibika, binadamu huwa na haraka ya kukigusa kabla ya kukitazama. Tabia hiyo huonekana wazi kwa waangalizi wa seva za barua pepe katika shule na vyuo vilivyoamua kujiendeshea huduma hiyo vyenyewe. Asubuhi moja barua zinakoma kuingia, ingawa za kutoka zinakwenda vyema. Mwangalizi huizima seva na kuiwasha, hubadili mistari mitatu minne ya mipangilio yake kwa kubahatisha, na ifikapo jioni hakuna ajuaye tena ni kosa lipi lilikuwa la asubuhi na lipi limezaliwa mchana. Ugonjwa huo si wa kompyuta bali wa fikra, na kwa sababu hiyo unawahusu walimu wa sayansi.

Chanzo chake ni dhana kwamba seva inayotuma lazima iwe pia inapokea. Mtu yeyote aweza kutumbukiza barua posta hata kama hana S.L.P. yake, bali ili apelekewe barua, namba ya sanduku lake haina budi ijulikane kwa watumaji. Ndivyo ilivyo katika intaneti. Tangu mwaka 1986 imekuwa kanuni kwamba seva itumayo huanza kwa kuuliza katika orodha ya majina: ni mtambo upi upokeao barua za kikoa hiki? Jibu hutolewa na rekodi iitwayo MX, nayo yapasa kutaja jina la mtambo, si namba ya anwani yake, jambo ambalo wengi hukosea. Rekodi hiyo ikikosekana, mtumaji hujaribu anwani ya kikoa chenyewe, ambayo mara nyingi ni ya mtambo wa tovuti usiojua lolote kuhusu barua.

Jina likiwa sahihi, mtumaji hubisha hodi katika poti namba 25. Hapa jaribio lifanywe kutoka nje ya shule, maana seva yaweza kuwa imepangwa kujisikiliza yenyewe tu, na anayeijaribu akiwa mbele yake atadanganyika kuwa yote ni salama. Tena kampuni nyingi za intaneti huifunga poti hiyo, au huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hata mgeni wa nje asipate pa kuingilia. Kwa sababu hiyo hiyo yafaa kompyuta ya kujaribia nayo iwe katika mtandao usioifunga poti 25.

Mlango ukiwa wazi, seva hujitambulisha kwa namba 220, na mazungumzo huanza. Lugha ya mazungumzo hayo iliandikwa na Jonathan Postel mwezi Agosti 1982, na uzuri wake ni kwamba mwanafunzi aweza kuiandika kwa vidole vyake mwenyewe, mstari kwa mstari, na kujibiwa. Tarakimu ya kwanza ya jibu ndiyo yenye hukumu: 2 ni kukubali, 4 ni kuambiwa urudi baadaye, 5 ni kukataa kabisa. Diski iliyojaa aghalabu hutoa 452. Mpokeaji asiyejulikana, 550. Majibu haya huhifadhiwa katika daftari la kumbukumbu la seva, na mwangalizi asiyelisoma daftari hilo kabla ya kubadili chochote hana udhuru. Ikiwa daftari halina hata alama ya mtumaji, basi kosa liko njiani, kabla ya mlango. Ikiwa lina jina lake, kosa liko ndani, na namba iliyo kando yake itasema ni lipi. Swali moja limekata nusu ya mashaka yote.

Watasema wengine kwamba shule haina muda wa utulivu huo ilhali barua za mitihani zinasubiriwa. Hoja hiyo imepinduka. Seva itumayo isipopata mlango, au ikijibiwa kwa 4, haitupi barua. Huiweka foleni na kurudia, na kanuni hupendekeza isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Kumbe mwenye haraka, akikifuta kwa bahati mbaya kikoa cha shule katika mipangilio, huifanya seva ijibu kwa 5, na barua iliyokuwa ikisubiri kwa subira hurudishwa kwa mwenyewe papo hapo. Ucheleweshaji amekwisha ugeuza kuwa hasara. Programu ya Postfix, iliyotungwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, ina hata kipengele, soft_bounce, cha kugeuza makatazo ya 5 kuwa ya 4 wakati wa matengenezo. Ni wachache wanaokumbuka kukiwasha.

Somo hili halihitaji maabara ya gharama. Kompyuta mbili za zamani zilizounganishwa kwa waya zatosha, moja ikiwa seva na nyingine mtumaji. Mwalimu aharibu kitu kimoja kwa siri, leo mpokeaji, kesho poti, na kila kikundi kiandike kimeona nini na kinadhani nini, kabla hakijaruhusiwa kugusa kibodi ya seva.