Tusome barua yote

Katika makanisa mengi ya Goma, Yeremia 29:11, ahadi ya amani na tumaini, ni aya inayotia moyo kuliko karibu zote. Husomwa kwa sauti kubwa, watu huitikia amina, mahubiri yanaendelea. Na Ndosho, mtaa wa Goma, ina haki ya kutafuta faraja. Mtaa huu wa mbao na mabati juu ya mawe ya volkano umepokea waliokimbia vita wakiwa na magodoro kichwani. Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi.

Ndiyo maana tunasema: aya hiyo isitenganishwe na barua yake.

Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu hadi Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Aya ya 10, moja tu kabla ya ile tunayoipenda, inataja miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile wangezikwa ugenini. Mwanzoni mwa barua hiyo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, tena wauombee amani mji ule ule walikopelekwa utumwani. Rudi sura moja nyuma, utamkuta Hanania, nabii aliyesimama hekaluni na kutangaza kwamba mambo yote yangekwisha kwa miaka 2. Watu walimpenda mtu wa namna hiyo, nani asingempenda? Alisema uongo, na mwaka huo huo akafa.

Mhubiri anayeibeba aya ya 11 peke yake na kumwahidi mama aliyekimbia kutoka Masisi kwamba mwezi ujao atalala kwake, anasema maneno ya Hanania kwa jina la Yeremia. Mwezi ukipita, mama huyo ataambiwa imani yake ni ndogo. Huo ni ukatili, hata kama aliyesema hivyo alikusudia mema.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kusoma vizuri. Katika Biblia ya mwaka 1952, ahadi ile imeandikwa kwa wingi: inawahusu ninyi, watu wengi pamoja. Haikuwa ahadi ya mtu mmoja na biashara yake. Mwenye Biblia ya Kifaransa nyumbani ailinganishe na ya Kiswahili: moja inazungumza juu ya wakati ujao, nyingine juu ya siku za mwisho. Tofauti hiyo inastahili jioni nzima ya maswali.

Vivyo hivyo kuhusu volkano ya Nyiragongo. Baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021, ilikuwa rahisi kusema waliopoteza nyumba waliadhibiwa. Luka 13 inataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na Yesu anakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Anayeifahamu sura hiyo hamlaumu jirani aliyeunguliwa na nyumba.

Tunawaomba wachungaji, makatekista na viongozi wa vikundi vya maombi watenge kila wiki saa moja isiyo na mahubiri. Sura isomwe yote, polepole, na kila mtu, hata kijana asiye na cheo, aruhusiwe kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, nini kilitangulia? Mchungaji asiyejua jibu aseme hajui, alitafute, alilete wiki inayofuata. Mahali pa kuanzia papo: Yeremia 27, 28 na 29, sura moja kila wiki.