Mwalimu wa Darasa la Pili Yuko Wapi?

Kikao cha wazazi nilichohudhuria hivi karibuni katika shule moja ya msingi wilayani Serengeti, mkoani Mara, kilipitisha mambo matatu kwa makofi. Darasa la Saba waingie kambini kujiandaa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wazazi wachange mahindi na maharage. Vipindi vya mchana vya michezo na Stadi za Kazi viwe vya majaribio na kusahihisha. Na mwalimu wa Darasa la Pili, anayesifiwa na kila mzazi pale, ahamishiwe Darasa la Saba hadi mtihani wa Septemba upite. Watoto wake waunganishwe na Darasa la Kwanza. Hilo la tatu halikujadiliwa hata dakika tano. Ni uamuzi mbaya, na katika wilaya za Tarime na Serengeti si shule hiyo peke yake inayoufanya.

Hoja za wanaoutetea nazijua. Asiyefaulu huku anarudi kuchunga, au anakwenda kusaka mawe ya dhahabu Nyamongo, binti anaozwa. Kambini kuna chakula, na hakuna kutembea gizani. Ni kweli. Tena mtoto anapaswa kuizoea karatasi ya mtihani kabla ya siku yenyewe. Kwa hilo wiki chache zinatosha.

Turudi kwa mwalimu wa Darasa la Pili. Vijijini kwetu mtoto anaanza shule akizungumza Kikuria, Kingoreme au Kiikoma. Kiswahili anakikuta darasani, na humohumo anatakiwa ajue kukisoma. Ndiyo maana tangu 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza uliwekewa mkazo kwenye KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Asiyeshika kusoma hapo haelewi Sayansi Darasa la Nne wala swali la Hisabati la maneno Darasa la Tano. Anakaa, ananakili ubaoni, siku zinakwenda. Akifika la Saba tunashtuka, tunamwekea kambi. Na ili kambi ipate mwalimu, tunamng'oa yule yule ambaye angewawezesha wadogo wa mtoto huyo wasifike huko wakiwa hivyo! Watoto wa kambi za miaka ijayo tunawaandaa wenyewe, leo, katika chumba chenye madarasa mawili na mwalimu mmoja.

Na huko kambini asiyejua kusoma anajifunza nini? Kubahatisha herufi. Penye majibu matano, A hadi E, anayekisia tu anaweza kupata swali moja katika kila matano. Mwaka 2012 serikali ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani uliwapitisha, waligundulika wakiwa sekondari.

Sisi watu wa Mara hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alieleza katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe maandalizi ya sekondari tu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe na kazi ya darasani ihesabiwe. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Sera mpya ya elimu imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, wala haiishii Darasa la Saba. Halafu huku chini tunaendelea kupanga shule kwa mtihani wa utimilifu (mock) na kumsimamisha mwalimu mkuu wa shule ya mwisho ajieleze mbele ya wenzake. Mtu aliyeaibishwa hivyo atafanya nini, kama si kumpeleka mwalimu wake bora Darasa la Saba? Namlaumu zaidi anayemsimamisha. Amuulize basi na hili: watoto wangapi wa Darasa la Pili wanasoma aya moja ya hadithi na kueleza inasema nini? Jibu linapatikana kwa asubuhi moja na kitabu kimoja.

Nimeomba kikao kirudiwe. Mahindi nitachanga, maharage nitachanga. Ninachotaka ni mwalimu yule arudi chumbani kwake, na Darasa la Pili litenganishwe na la Kwanza kabla muhula haujaisha.